Nani Anakalia Viti vya Upper Hill?

Ingia takriban jengo lolote la ofisi Upper Hill, Nairobi, saa nne asubuhi. Utaandikisha jina kwa soja, utaacha kitambulisho, utapewa kadi ya mgeni, kisha utaambiwa, "Keti hapo kidogo." Hapo penyewe ni kochi jeusi la ngozi bandia, fupi kama limekatwa miguu, lenye fremu ya chuma inayong'aa na egemeo lililolala nyuma. Ukilitazama kutoka mlangoni, linapendeza kwelikweli. Ukilikalia, magoti yanapanda juu ya kiuno, mkoba hauna pa kuwekwa ila sakafuni, na mwenye sketi anahitaji mkono mmoja wa kuishikilia muda wote.

Mtazame mzee aliyekuja kufuatilia pensheni yake. Haketi, anajiachilia tu, maana kiti kiko chini mno kumpokea taratibu. Jina lake likiitwa anapapasa atafute mkono wa kiti ashikilie, na mkono haupo. Anajikokota hadi ukingoni, anakaza kiganja juu ya goti, anajisukuma, anarudi chini. Kijana aliye pembeni anamshika kwapani. "Pole, mzee." Mzee anacheka ili kufunika aibu, kisha anauburuta mguu uliokufa ganzi kuelekea kaunta.

Kochi hilo lina nasaba. Ni nakala, au nakala ya nakala, ya kiti walichobuni wasanifu Ludwig Mies van der Rohe na Lilly Reich kwa ajili ya banda la Ujerumani katika maonyesho ya kimataifa ya Barcelona mwaka 1929. Kilikusudiwa mfalme Alfonso XIII wa Uhispania na malkia wake siku ya ufunguzi. Banda lenyewe lilibomolewa mwaka uliofuata, na lililopo Barcelona leo lilijengwa upya mwaka 1986. Kiti hicho basi kilizaliwa kwa hafla ya muda mfupi na kwa watu wawili ambao kazi yao siku hiyo ilikuwa kuonekana, na kwa kazi hiyo kilifaa kabisa. Sisi tumekichukua tukamkalisha mtu wa pensheni saa mbili.

Kwa karibu miaka 100 sasa wabunifu wa usasa wamelaumiwa kwamba walipenda umbo la kiti kuliko mgongo wa mkaaji, na ushahidi haukosekani. Gerrit Rietveld wa Uholanzi aliunda mwishoni mwa miaka ya 1910 kile kiti maarufu cha mbao tupu, ambacho baadaye kilipakwa rangi nyekundu, buluu na manjano. Hakina mto, hakina mviringo, ni bao la kukalia na bao la kuegemea. Frank Lloyd Wright wa Marekani, aliyependa kubuni nyumba pamoja na kila kilichomo ndani, aliungama kwamba alivilia mwilini karibu maisha yake yote kwa sababu ya kukalia samani zake mwenyewe. Kwa ofisi za kampuni ya Johnson Wax, katika jengo lililokamilika mwaka 1939 mjini Racine, aliwapa makarani viti vya miguu mitatu. Ukiketi wima, miguu yote miwili chini, hupati shida. Ukiinama upande kuokota kalamu, unaanguka. Baadaye mguu wa nne uliongezwa.

Mies mwenyewe anakumbukwa kwa kusema kwamba kiti ni kitu kigumu kubuni, kwamba ghorofa ndefu inakaribia kuwa rahisi zaidi. Ukiwa Upper Hill ni vigumu kumbishia. Ghorofa tunazijua: mnara wa Britam, uliokamilika mwaka 2017, una urefu wa mita 200, na ule wa UAP Old Mutual jirani yake una ghorofa 33. Zimesimama barabara. Shida huanza ukishafika ndani ukaonyeshwa pa kukaa.

Hata hivyo, sidhani wabunifu wale ndio wa kulaumiwa, au angalau si wao wa kwanza. Mchukue Marcel Breuer, aliyekuwa kijana wa miaka ya ishirini na kitu katika shule ya ubunifu ya Bauhaus, Ujerumani, alipoanza mwaka 1925 kupinda mabomba ya chuma kutengenezea viti, baada ya kuvutiwa na usukani wa baiskeli yake. Watu huona chuma na kudhani mtu huyo hakujali mwili. Lakini angalia mahali mwili unapogusa kile kiti chake. Haugusi chuma. Unaning'inia juu ya mikanda ya kitambaa kigumu iliyovutwa kati ya mabomba: mmoja wa kikalio, mingine ya mgongo, mingine ya mikono. Breuer alikuwa anatafuta namna ya kumpa mtu ulaini bila spiringi, bila manyoya, bila lile kochi zito la bibi linalofuga vumbi na kunguni. Alichotaka ni kiti chepesi cha kubebwa kwa mkono mmoja. Waliokinakili baadaye ndio walioweka ngozi nene na kukigeuza pambo.

Msanifu Alvar Aalto ndiye ningempeleka mahakamani kama shahidi wa utetezi. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, yeye na mkewe Aino walikuwa wakijenga hospitali ya kifua kikuu huko Paimio, Finland. Dawa ya ugonjwa huo haikuwapo bado. Tiba ilikuwa hewa safi, jua na kupumzika, na mgonjwa angeweza kulazwa kwa miezi, hata miaka. Aalto alianza na mgonjwa aliyelala chali. Mtu wa namna hiyo huangalia dari siku nzima, basi dari ikapakwa rangi tulivu na taa ikaondolewa machoni pake. Beseni la kunawia likapewa mteremko ili maji yasipige kelele na kumwamsha jirani. Na kiti, kinachojulikana leo kwa jina la Paimio, kiliundwa kwa plaiwudi iliyopindwa kipande kimoja, kikalio na egemeo vikiwa mkunjo mmoja unaonesa, ndani ya fremu mbili za mbao zinazofanya mikono na miguu. Pembe ya egemeo ilichaguliwa ili kifua kifunguke na mgonjwa apumue kwa nafuu. Hakikuwekewa mto wala kitambaa, kwa sababu kitambaa hushika makohozi na vumbi, ilhali mbao hupanguswa. Aalto alikuwa amejaribu mabomba ya chuma kabla ya hapo, akayaacha kwa kuwa ni baridi kwa mtu mgonjwa.

Kiti hicho ukikiona kwenye picha utadhani ni sanamu. Kumbe kila pembe yake ilitoka kwenye swali moja: nani atakikalia, anaumwa nini, na atakaa muda gani?

Upper Hill nako ni mlima wa hospitali. Hospitali Kuu ya Kenyatta ilianza mwaka 1901 ikiwa na vitanda 40, enzi hizo ikiwa hospitali ya Waafrika. Mwaka 1952 ikaitwa King George VI, na baada ya uhuru ikapata jina la sasa. Kuizunguka kuna hospitali za binafsi, kliniki, maabara na majengo marefu yaliyojaa madaktari bingwa kila ghorofa. Ukijumlisha saa zote ambazo watu hukaa mlimani hapa kwa siku, sina shaka wanaosubiri daktari ni wengi kuliko wanaosubiri meneja wa benki. Wanasubiri wapi? Katika kliniki nyingi za mjini, kwenye lile benchi la chuma lenye vitundu, viti vitatu au vinne vilivyounganishwa juu ya nondo moja, mikono ya chuma katikati ili mtu asilale.

Benchi hilo nalo lina babu mashuhuri. Mwaka 1962 wabunifu wa Marekani Charles na Ray Eames walibuni viti vya mfululizo kwa viwanja vya ndege vya O'Hare, Chicago, na Dulles, karibu na Washington. Vilikuwa na fremu ya alumini, na kikalio pamoja na egemeo vilikuwa machela ya plastiki laini yenye sponji ndani, iliyovutwa kutoka ukingo hadi ukingo, na kila machela ingeweza kubadilishwa ikichakaa. Katika safari ya kutufikia, sponji ilipotea njiani, machela ikawa bati, na kilichobaki ni ule mfululizo na ile nondo. Asubuhi za Julai, baridi ya Nairobi ikiwa imeshika, mwenye maumivu ya nyonga hukaa juu ya bati hilo akiwa amekunja leso au jaketi chini yake. Muuzaji atakwambia vitundu ni vya kupitisha hewa, na kweli hewa inapita, hasa ile ya Julai.

Kwa hiyo mtu akiniuliza kama usasa ulitanguliza sura, nitamjibu kwamba sura ndiyo iliyosafiri. Picha ya kiti hupita mpaka wowote bila ushuru. Hesabu za ndani, yaani unene wa sponji, pembe ya mgongo, urefu kutoka sakafuni, mnyumbuko wa mbao, hazionekani katika katalogi, na mtengeneza nakala hana sababu ya kuzilipia.

Tena anayenunua si anayekaa. Hapo ndipo mzizi wa fitina ulipo. Reli ilipofika Nairobi mwaka 1899, kilima cha magharibi mwa stesheni kiliwekewa nyumba za maofisa wa Kizungu, na kwa miongo mingi Upper Hill ilibaki ya bangaloo, bustani na miti. Kuanzia miaka ya 1990, na zaidi baada ya bomu la ubalozi wa Marekani la Agosti 1998, kampuni zilianza kukimbia msongamano wa katikati ya jiji. Bangaloo zikaanguka moja baada ya nyingine, benki, kampuni za bima na mashirika ya kimataifa yakapanda mlima. Jengo jipya la ofisi huwa na msanifu wake, mpambaji wa ndani wake na kamati ya ununuzi. Kamati hupewa picha za kompyuta za ukumbi wa mapokezi: sakafu inayong'aa, mmea mkubwa kwenye chungu, kochi jeusi. Katika picha hizo hakuna mtu mwenye faili la pensheni. Kamati inaidhinisha picha, kochi linaletwa, na wanakamati hawatalikalia kamwe kwa sababu wao hupitiliza moja kwa moja hadi kwenye lifti.

Panda na hiyo lifti uone mambo yanavyobadilika. Karani wa kuingiza takwimu ana kiti cha kuzunguka ambacho mtungi wake wa gesi ulishakufa, kikishuka chenyewe polepole hadi saa sita mchana kidevu kinakaribia kibodi. Msimamizi ana chenye mikono inayorekebishwa. Mkurugenzi ana chenye egemeo linalopita kichwa, na huyo ndiye mwenye mikutano ya nje na anayekaa muda mfupi kuliko wote.

Kwa kulinganisha, teremka hadi Bunge, chini ya mlima. Mwaka 2012 ukumbi wa mijadala ulipofanyiwa ukarabati, watu hawakuzungumza sana juu ya mitambo mipya ya kupigia kura. Walizungumza juu ya viti: kama shilingi 200,000 kila kimoja. Vilitengenezwa na Idara ya Magereza, baada ya mpango wa kuagiza vya ghali zaidi kutoka ng'ambo kuachwa. Mlipa kodi alikuwa na haki ya kulalamika. Ila kama somo la ubunifu mfano huo unatosha, kwani pale mkaaji na mwidhinishaji ni watu wale wale, na hakuna aliyewahi kusikia mbunge akilia kwamba kiti kinamchoma.

Kutanguliza sura hakukuanza Ulaya wala karne ya 20. Nenda Fort Jesus au jumba la makumbusho la Lamu ukitazame kiti cha enzi. Mpingo mweusi, nakshi za pembe za ndovu, egemeo refu lililosimama wima, kikalio na mgongo vimefumwa kwa uzi. Hakikumwambia mkaaji apumzike. Kilimwambia akae kama mtu anayeheshimiwa, mgongo umenyooka, mikono juu ya mbao pana, kila mtu ukumbini amwone. Kilitengwa kwa mgeni wa heshima na kwa shughuli, na wenye nyumba walijikalia mikekani au vitandani, mahali pa starehe. Wale mafundi wa pwani walijua wanachotengeneza, wala hawakujidai ni kitu cha kupumzikia. Na walikiwekea mahali pa kukanyagia, kibao cha miguu mbele, kwa sababu kiti kilikuwa kirefu na mgeni hakupaswa kuning'iniza miguu hewani. Bara nako mzee wa Kikamba alikuwa na kigoda chake cha miguu mitatu, kilichochongwa kutoka gogo moja na kupambwa kwa nyaya nyembamba za shaba, na Mturkana hadi leo hutembea na ekicholong, kiti chake na mto wake wa kichwa. Hivyo vilikuwa vitu vya sura pia, tena sura ya kujivunia. Tofauti ni kwamba kila kimoja kilikuwa na mwenyewe.

Mahusiano hayo ya kiti na mwenyewe bado yapo ukishuka Ngong Road, upande wa Dagoretti Corner, ingawa barabara ilipopanuliwa vibanda vingi vya mafundi vilisukumwa nyuma au kubomolewa. Huko mteja hufika na simu mkononi. Ana picha ya kiti alichokipenda mtandaoni, miguu myembamba, kikalio kirefu kwenda nyuma, egemeo fupi. Fundi huitazama, huikuza kwa vidole viwili, kisha swali lake la kwanza halihusu picha. Anauliza ni cha nani. Ni cha kuwekwa sebuleni wageni wakija, au ni cha mama anayeishi nyumbani? Jibu likiwa mama, kalamu inatoka sikioni na vipimo vinaanza kubadilika kwa inchi. Kikalio kinapandishwa hadi inchi 18 ili asihangaike kuinuka. Kina cha kikalio kinapunguzwa, maana cha kwenye picha kitamlazimu ama akae ukingoni bila kuegemea, ama aegemee huku visigino viko hewani. Mikono inaongezwa. Sponji itakuwa ile nzito, siyo ya kawaida ambayo baada ya miezi michache hubonyea na kubaki bonde, na fundi mwaminifu atakukatia kipande ukibonyeze kwa gumba uone kinavyorudi. Chini yake mikanda ya mpira iliyosukwa, ivutwe sawasawa.

Kiti kikitoka hapo hakifanani na picha. Kimenenepa kidogo, kimeinuka. Wapo wateja wanaonuna, wakisema siyo hiki nilichokuonyesha. Wapo pia mafundi wanaoogopa kununiwa na kutengeneza picha kama ilivyo, mteja akaondoka na furaha hadi mama yake akikalie. Sisemi jua kali ni pepo. Mbao mbichi zipo, misumari mahali pa gundi ipo, na kuna makochi yanayolia kila ukigeuka. Lakini ukiwa na malalamiko unajua kibanda.

Kuhusu vipimo, Le Corbusier, gwiji la usasa, alibuni katika miaka ya 1940 mfumo wake wa kupimia majengo na samani kwa mwili wa binadamu. Mwanzoni mtu wake wa mfano alikuwa na urefu wa mita 1.75. Baadaye akampandisha hadi mita 1.83, akieleza kwamba katika riwaya za Kiingereza za upelelezi wanaume wa maana, polisi kwa mfano, huwa wa futi sita. Basi huyo polisi wa riwayani amekuwa akitukadiria viti na meza kwa muda mrefu. Wanawake wengi wa ofisi zetu hawafiki urefu huo hata kwa viatu vya visigino. Kiti kilicholetwa kwa kontena kimepimwa kwa mwingine.

Kampuni ya Herman Miller ya Marekani ilipotoa kiti cha Aeron mwaka 1994, cha wavu bila sponji, kazi ya Bill Stumpf na Don Chadwick, waliokijaribu walisifu starehe yake lakini wakasema ni kibaya kutazama. Leo wavu mweusi ndio sura ya ofisi duniani kote. Lililo muhimu zaidi kwangu ni kwamba kilitolewa kwa saizi tatu, kama viatu. Nakala zake zilizojaa Upper Hill zina wavu, zina rangi nyeusi, zina saizi moja.

Na hata saizi ikipatikana, mwili haukuumbwa kutulia. A. C. Mandal, daktari wa upasuaji wa Denmark, alipinga kuanzia miaka ya 1970 lile fundisho la kuketi kwa pembe mraba, akionyesha kwamba hakuna mtu anayekaa hivyo kwa dakika nyingi akiwa anaandika, na akapendekeza kikalio kinachoinama mbele. Kila karani anayekaa juu ya mguu wake mmoja chini ya meza anamuunga mkono bila kumjua.

Sheria yetu si kimya katika jambo hili. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri aiandae sehemu ya kazi imfae mfanyakazi, na pale kazi inapofanyika kwa kukaa, ampe kiti kinachomfaa yeye na kazi yake, pamoja na kibao cha miguu ikiwa miguu haifiki chini vizuri. Mafundi wa Lamu hawakuhitaji kuandikiwa hilo. Katika ofisi za mlimani, zunguka nyuma ya kaunta ya mapokezi uangalie miguu ya dada anayekuambia ukae kidogo. Kilicho chini ya viatu vyake, mara nyingi, ni katoni ya karatasi za A4, iliyobonyea katikati, na karatasi zikiisha ataomba nyingine kutoka stoo.